Nimelipia filamu yetu ikosolewe, nikauziwa kamera: uzoefu wangu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya chai. Hapa Dar kuna kundi la wakongwe wa filamu linalokagua kazi za chipukizi kwa malipo: unapeleka mkato wako wa kwanza, yaani filamu ilivyohaririwa mara ya kwanza, wanaketi watu watatu, wanaangalia, wanasema. Jina silitaji, maana hapa juu nitawasema na huko chini nitawasifu, na sina nguvu za kugombana na watu kwa yote mawili.

Fomu yao ni nzuri. Inakuuliza unataka msaada wapi. Sisi tuliandika jambo moja tu, kwa herufi kubwa: kwenye sini ya sebuleni sauti inaanza sawa na midomo, halafu kadiri watu wanavyozungumza inazidi kuachana nayo. Tena ina mwangwi. Kwa nini, na tufanyeje?

Mwenyekiti wa kikao, bwana ambaye humo ndani kila mtu anamwita mwalimu, aliangalia kama dakika mbili, jicho moja likiwa kwenye simu yake, akaamuru picha isimamishwe.

"Vijana, hii mmeshuti kwa simu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi hii siyo filamu, ni klipu. Tafuteni kamera kwanza, ndipo mje."

Muda mwingi uliobaki ukaishia kwenye kamera. Sensa gani, lenzi gani, na hapa ndipo damu iliponichemka: nani anakodisha kwa bei ya kirafiki. Anakodisha yeye! Yaani tumelipa kiingilio cha duka.

Hoja yenyewe imepitwa na wakati. Sean Baker wa Marekani alipiga filamu ndefu nzima kwa iPhone 5s, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2015. Wanaoisimulia habari hiyo huishia kwenye simu. Wasichosimulia ni kwamba sauti yake haikutoka kwenye simu. Alikuwepo fundi wa sauti na vifaa vyake kamili. Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga, lakini akishindwa kusikia wanachosema anafunga. Kwa hiyo mtu anayekagua kazi ya bei ya chini halafu anaanza na kamera, mimi simwelewi, hata awe na miaka mingapi kwenye gemu.

Na hasira yangu siyo ya kukosolewa. Tulilipa ili tukosolewe. Ila "picha haina ubora" huwezi kuipeleka kwenye meza ya kuhariri ukaifanyia kitu. Maoni yenye kazi yana dakika na sekunde, yanasema mtazamaji alipatwa na nini hapo (alichoka, alichanganyikiwa, hakusikia), na msemaji akiwa fundi anataja na sababu. Ndiyo maana mkato wa kukaguliwa huwekewa saa inayotembea pembeni ya picha. Yetu tuliiweka, kubwa, kona ya juu. Mwalimu hakuitazama hata mara moja.

Sasa sehemu inayonivuruga hukumu. Pembeni alikaa mama mmoja fundi sauti, muda wote anaandika kwenye daftari. Mwalimu alipotoka nje kupokea simu, akatuuliza: "Wanangu, hilo pengo la sauti na midomo liko vilevile toka mwanzo hadi mwisho, au linakua?"

Linakua, tukamjibu. Akasema basi msihangaike kusogeza sauti mbele na nyuma. Pengo lisilobadilika ni la kupanga tu: unasogeza, yamekwisha. Linalokua lina ugonjwa mwingine. Simu nyingi hazipigi fremu, zile picha moja moja zinazounda video, kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua, au simu ikipata joto, idadi ya fremu kwa sekunde inapanda na kushuka. Baadhi ya programu za kuhariri zinahesabu kana kwamba zote zimepangana sawasawa, na hapo picha na sauti zinaachana taratibu. Sebuleni jioni, taa moja, ndiyo mahali pake hasa.

Dawa yake: kabla ya kuhariri, pitisha kila klipu kwenye HandBrake, programu ya bure. Kwenye sehemu ya video chagua Constant Framerate, weka namba ileile uliyoshutia, 25 au 30, na ubora wa RF uwe kati ya 16 na 18 ili picha isifubae. Faili zitanenepa, andaa nafasi. Ndipo uzipeleke mezani. Kama umeshahariri, faili mpya zipe majina ya zile za zamani na uziunganishe upya kwenye mradi, ukijua kwamba baadhi ya mikato itateleza fremu kadhaa na utairekebisha kwa mkono. Siku nyingine tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga idadi ya fremu, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga), mwanga na rangi.

Kwa anayerekodi sauti kwenye kifaa cha pembeni aliongeza jambo ambalo wengi hawalifanyi: piga kofi mbele ya kamera mwanzoni mwa shoti, na jingine mwishoni. La mwanzo ni la kupangia, la mwisho ni la kuhakiki. Vifaa viwili havihesabu muda sawa kabisa. Kwenye klipu ya dakika mbili hutaona kitu, kwenye mahojiano ya nusu saa utaona.

Kwenye mwangwi hakutuficha: ukishaingia kwenye rekodi hautoki vizuri. Programu zinaupunguza, lakini sauti inabaki kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Ni wa kuzuiwa mlemle chumbani. Sebule zetu ni vigae chini, ukuta mtupu, dirisha la kioo, na kama ni bati bila dari ndiyo balaa. Maiki ikining'inizwa sentimita 160 kutoka mdomoni, inasikia ukuta kama inavyomsikia mwigizaji. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mdomo inaongezeka kama desibeli 6, ilhali mwangwi unabaki karibu uleule. Kwa hiyo kutoka 160 kwenda 40 unapata kama desibeli 12 bila kununua chochote. Halafu tandika blanketi zito kwenye vigae nje ya fremu, jingine litundike nyuma ya kamera kwa sababu ndiko mwigizaji anakoelekeza sauti, na godoro lisimame upande wa ukuta mtupu. Kanga haisaidii, ni nyepesi mno.

Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo inakaa kifuani, shibiri moja chini ya kidevu. Waya wake ukunje kitanzi kidogo na ukibandike kwa tepu, ili mtu akigeuka mvuto uishie kwenye kitanzi usifike kwenye maiki. Vilele vya sauti viwe kwenye desibeli -12 hivi, visiguse sifuri. Zima pangaboi, zima friji, na funguo za gari ziweke ndani ya friji hiyo ili msiondoke bila kuiwasha. Mkimaliza sini, wote wanyamaze sekunde 30 mrekodi ukimya wa chumba. Huo ndio utakaoziba mashimo kati ya mikato.

Yote hayo aliyasema wakati mwenzake akiwa nje. Mwalimu aliporudi, mama akafunga daftari.

Mkaguzi wa tatu, kijana fundi wa rangi za picha, alipata nafasi ya sentensi chache, nazo zilikuwa na uzito. Ile michirizi ya giza inayopanda ukutani kwenye picha yetu inatoka kwenye taa, siyo kwenye simu. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Funga shata kwenye 1/50 au 1/100, usiiache simu ijichagulie. Na mama akapenyeza la mwisho tukiwa tunasimama: "Ondoeni geti." Alimaanisha gari linafika, honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, mtu anashuka, anatembea, hodi, karibu. Sekunde 70 hakuna kilichotokea. Tumeliondoa, na filamu sasa inaanza na mtu ameshakaa kwenye kochi na ana habari mbaya.

Kwa hiyo nyota moja ni uonevu. Tuseme tatu. Au nne kwa mama na sifuri kwa mwenyekiti, mpige wastani wenyewe.

Maana kosa lao kubwa ni la utaratibu, na halihitaji hela kulirekebisha. Mkubwa asianze kusema. Akianza, wengine wanapima maneno kwa kumtazama yeye. Kila mkaguzi aandike kwanza, kwenye karatasi, sekunde alizokwama. Watatu wakikwama mahali pamoja, hapo pana tatizo, hata kama kila mmoja ana dawa yake. Mwenye filamu asieleze hadithi kabla, na asijitetee wakati wa kusikiliza. Filamu iangaliwe mara moja bila kusimamishwa, halafu mara ya pili kwa spika ya simu ya kawaida, maana huko ndiko wengi watakakoiangalia, na besi yote ya muziki wenu haitasikika. Pia alikeni mtu mmoja asiyejua chochote kuhusu filamu. Huyo msimuulize kama ameipenda, atasema ndiyo kwa adabu. Muulizeni alitamani kushika simu yake dakika ya ngapi.

Malalamiko nimewaandikia, hawajajibu. Nimeuliza pia lini mama wa sauti yuko zamu. Hilo wamelijibu siku hiyohiyo. Nimeshalipia nafasi nyingine, mwezi ujao hivi, mwalimu akiwa safarini.