Uzoefu Wangu: Gari la Umeme Lililotetemeka Kila Lilipoongezwa Mwendo

Gari langu ni dogo, la umeme, lililotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa, na kasoro yake ilijitokeza nikipanda barabara ya Waiyaki jijini Nairobi kuelekea Kangemi. Nilipokanyaga pedali kwa nguvu kati ya kilomita 30 na 60 kwa saa, sehemu yote ya mbele ilitetemeka hadi funguo zilizokuwa kwenye kisanduku cha kando zikagongana, na nilipoachia pedali mtetemo ulikatika papo hapo. Kwenye tambarare, kwa mwendo usiobadilika, gari lilikuwa shwari hata kwa kilomita 90.

Nayaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyobeba karibu uchunguzi wote, ingawa gereji ya kwanza niliyoiendea haikutaka kuyasikia. Fundi wa pale aliunganisha kompyuta yake, hakukuta kosa lolote lililohifadhiwa, kisha akapendekeza tubadilishe mota pamoja na inveta, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa betri ili uweze kuizungusha mota. Pendekezo hilo halikuniingia akilini. Mota ya umeme haina plagi wala pistoni za kukosa moto, na inveta inapoharibika kwa kawaida gari huwasha taa ya onyo na kujipunguzia nguvu, mambo ambayo langu halikuyafanya hata mara moja. Kutaja vifaa vya bei kubwa kuliko vyote bila hata kuliendesha gari ni kubahatisha kwa fedha za mteja.

Gereji ya pili, iliyoko Industrial Area, ndiyo ninayoipa sifa. Fundi wake mkuu alianza kwa kuomba ufunguo, akaniweka kiti cha abiria, akatafuta mwinuko na kukanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Kisha akatumia ile breki ya mota inayorudisha umeme kwenye betri, na mtetemo ukarudi, safari hii hafifu. "Mama, hii si tairi," akasema. "Tairi ikikosa balansi itatetemesha gari kwa mwendo fulani, ukanyage usikanyage. Hii inakuja na mzigo, yaani mota ikifanya kazi kwa nguvu."

Alishuku jointi ya ndani ya shafti, ile inayopokea nguvu kutoka kwenye giaboksi ya mota na kuipeleka kwenye gurudumu. Katika magari mengi jointi hiyo ina roli tatu zinazoteleza ndani ya mifereji ya kikombe cha chuma, na mifereji ikilika, roli hukwama kidogo zinapobanwa na nguvu, zikaisukuma shafti mara tatu kwa kila mzunguko. Nilipopiga hesabu, maelezo hayo yalikubaliana na nilichokisikia: tairi lenye mzingo wa takriban mita 2 huzunguka mara 5 kwa sekunde gari likienda kilomita 36 kwa saa, kwa hiyo mitetemo ni 15 kwa sekunde, na mtetemo wangu ulikuwa wa harakaharaka namna hiyo, wala haukuwa wa kuyumba. Gari la umeme huionea zaidi jointi hii kwa kuwa mota hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha tangu gari likiwa limesimama.

Hata hivyo hakukimbilia kufungua. Gari likiwa juu ya lifti, alizisukuma kwa mtalimbo mauntini za mota, yaani vishikizo vyake, kuona kama zimelegea, akayatikisa magurudumu kupima beringi na boljointi, zote zikawa nzima. Raba inayoifunika jointi ya ndani upande wa kulia ndiyo iliyosema ukweli: kibanio chake kilikuwa kimelegea na grisi ilikuwa imerukia chasisi kwa mstari mwembamba. Alipokivua kikombe aliniita nikiguse. Grisi ilikuwa nyeusi yenye chembe za chuma zinazometa, na nilipopitisha ukucha kwenye ukuta wa mfereji, ulizama mahali ambapo roli ilikuwa imechimba.

Tulibadilisha shafti nzima, pamoja na sili ya mafuta na nati mpya ya kitovu cha gurudumu iliyokazwa kwa spana ya kipimo. Nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba mamia ya volti, hazikuguswa, na hata hivyo gari lilizimwa na betri ndogo ya volti 12 ikatolewa waya kabla ya kazi kuanza. Tahadhari hiyo niliipenda. Mtetemo uliisha kabisa, wa kukanyaga na wa breki ya mota pia, na gharama yote, pamoja na mafuta ya giaboksi na alainimenti, haikufika hata robo ya bei niliyotajiwa kwa mota peke yake.

Malalamiko yangu ni mawili. Spea ilichelewa kuliko nilivyoahidiwa, na ni mimi niliyekuwa nikipiga simu kuuliza. Tena risiti ya kwanza iliandikwa jumla tu, hadi nilipodai ufundi na spea vitenganishwe na dhamana iwekwe kwa maandishi. Shafti ya kushoto ilikaguliwa na kuachwa kwa kuwa ilikuwa nzima, na raba zake fundi ameandika zitazamwe kila tairi zinapobadilishwa nafasi.