TAHADHARI: Anauza nakala za printa kama menyu halisi za treni za zamani

Wakusanyaji wenzangu, kaeni chonjo. Kuna muuzaji anazunguka kwenye minada ya mtandaoni na menyu za mabehewa ya chakula na vijitabu vya hoteli za Marekani, akidai ni vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Akaunti anabadilisha, hadithi habadilishi: mzigo wa marehemu babu, umekutwa sandukuni, yeye thamani yake haijui, anataka tu umfikie mtu atakayeutunza.

Kwake nilinunua menyu aliyosema ni ya mwaka 1937, ya Super Chief, treni iliyokuwa ikienda kati ya Chicago na Los Angeles. Pichani ilikuwa na mkunjo katikati na duara la kikombe pembeni. Ilipofika, mkunjo niliuona kwa macho lakini kidole hakikuusikia. Karatasi ilikuwa imenyooka kabisa, kivuli cha mkunjo kimechapishwa pamoja na maandishi. Duara la kikombe nalo vivyo hivyo; nyuma ya karatasi hapakuwa na dalili yoyote ya unyevu. Kijitabu cha hoteli alichoniongezea kilikuwa na alama za kutu kuzunguka pini za stepla, na pini zenyewe zinang'aa mpya! Haukupita muda, menyu "nyingine" ya treni ileile ikapandishwa mnadani: duara lilelile, mahali palepale.

Skani za kutengenezea nakala kama hizi hazitafutwi kwa shida. Maktaba ya umma ya New York (New York Public Library) ina mkusanyiko mkubwa wa menyu ulioanzishwa mwaka 1900 na Frank E. Buttolph (ni mwanamke, jina lisiwachanganye), na maelfu ya menyu hizo yako wazi mtandaoni. Kwetu ni hazina, na ndiyo silaha yenu pia: kabla ya kulipa, linganisheni. Menyu mbili za siku moja zinaweza kufanana neno kwa neno. Doa halifanani.

Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kumuumbua. Kwenye nakala ya printa ya wino utaona vitone vya rangi vimetawanyika ovyo kwenye kingo za herufi. Herufi iliyopigwa kwa mashine ya zamani ya herufi za madini ya risasi ina kingo safi, na mara nyingi imebonyea kidogo, unaisikia ukipapasa nyuma. Taa ya urujuanimno (UV) husaidia pia, kwa sababu karatasi nyingi za leo zina kemikali ya kung'arisha inayowaka bluu, na kemikali hiyo ilianza kuzoeleka kwenye karatasi miaka ya 1950. Ila karatasi kutowaka si ushahidi wa uhalisi; wapo wanaochapa juu ya karatasi tupu za zamani.

Ana na ujanja wa kuongopea umri wa vitu halisi. Alitangaza kijitabu cha hoteli "cha miaka ya 1920" chenye anwani ya tarakimu tano baada ya jina la jimbo. Mfumo huo wa posta Marekani ulianza mwaka 1963.

Kuuza nakala si kosa, mradi imeandikwa nakala. Kinachoniuma ni kwamba menyu hizi zilitengenezwa zitupwe baada ya mlo, na chache zilizobaki ndizo zinazotuambia abiria walikula nini, lini, kwa bei gani. Bandia ikishaingia kwenye mkusanyiko, kesho mtu ataitumia kama ushahidi.

Akikuomba mtoke kwenye mnada umlipe moja kwa moja ili "akupunguzie", kataa. Hapo ndipo haki ya kudai urudishiwe fedha inapopotea. Mwombe picha iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni, picha ya nyuma, ya pini, na kikaratasi chenye tarehe ya leo kando yake. Mimi nilipomwomba hayo kwa mzigo wa pili, aliingia mitini.

Kama una kifurushi chake na muda wa kudai haujaisha, usitupe bahasha. Piga picha muhuri wa posta na kila ukurasa, hifadhi mazungumzo yote, ufungue dai leo.