Nimeipa Material Maker kazi moja: mchanga wa jangwa kwa gemu la simu

Oya wadau karibuni tena. Leo tunaichambua Material Maker, ile programu ya bure ya kutengenezea tekscha, yaani zile picha za kuvika ardhi na vitu vya kwenye gemu, na sitaki kukaa hapa kukusomea orodha ya vitu inavyoweza kufanya maana hiyo utaisoma mwenyewe, mi nimeipa kazi moja tu, initolee mchanga wa jangwa utakaokaa kwenye gemu langu la simu bila kuniaibisha.

Kilichonileta huku ni hasira. Nilinunua pakeji ya tekscha za jangwa mtandaoni, duka silitaji, picha za tangazo zilikuwa kali balaa, nikapakua bando likakata, kuja kufungua kila picha ni 4096 kwa 4096. Sasa piga hesabu na mimi, picha moja ya saizi hiyo isipobanwa inakula megabaiti 64 za memori, na mchanga mmoja unataka picha tatu nne, ya rangi, ya mwinuko, ya jinsi mwanga unavyoteleza juu yake, simu ya giga mbili itabaki na nini? Na bado, nikautandaza kwenye ardhi ya gemu nikainua kamera juu kidogo, wee! Kuna kokoto moja nyeusi inajirudia kila baada ya hatua mbili, mstari kwa mstari, ukishaiona hiyo kokoto basi tena huoni jangwa unaona kitenge.

Haya, Material Maker yenyewe. Imejengwa juu ya Godot, injini ya kutengenezea gemu, msimbo wake uko wazi, unaipata GitHub au itch.io ambako unalipa unachotaka hata kama ni sifuri, na inakubali Windows, Linux na Mac. Humo ndani huchori kwa brashi, unaunganisha nodi, yaani vijisanduku vyenye kazi moja moja, kwa nyaya, moja inatoa noizi, yaani madoa ya kubahatisha, nyingine inaipinda, nyingine inaitia rangi, kila kitu ni fomula tu, ndo maana saizi ya picha unaamua mwisho kabisa wakati wa kutoa.

Sasa jangwa gani? Gemu langu liko upande wa Ngorongoro, kwa hiyo nimeiga ule mchanga unaohama karibu na Olduvai. Kama hujafika, ni tuta lenye umbo la mwezi mchanga, pembe zake mbili zinaelekea kule upepo unakokwenda, na linasogea kama mita 17 kwa mwaka, wameweka hadi vibao vya kuonyesha lilipokuwa zamani. Mchanga wenyewe ni jivu la volkano la Ol Doinyo Lengai, mweusi wa kijivukijivu, una chembe za sumaku, ukiuchota ukaurusha juu hautawanyiki hovyo kama wa Coco Beach, unashikana. Na mimi msomi wa YouTube jaribio la kwanza nikaupaka rangi ya biskuti, kwa sababu kila tutorio ya jangwa ni rangi ya biskuti!

Angalia skrini hapa, hii ndo sehemu tamu. Viwimbi. Wengi wanaweka noizi ya Perlin, ile ya mawingumawingu, wanaikuza wanasema tayari, inatoka kama ngozi ya chungwa. Mchanga uliopigwa na upepo una mwelekeo, upande unaopokea upepo unapanda taratibu, upande wa pili unashuka ghafla. Kwa hiyo nimechukua nodi ya Pattern nikachagua wimbi la meno ya msumeno badala ya lile la duara. Tekscha yangu inafunika mita 2, kiwimbi kimoja nakitaka kama sentimita 10, kwa hiyo ni mawimbi 20. Ishirini kamili, usiweke 20 na nusu, ukiweka nusu kingo hazikutani na unapata mshono katikati ya jangwa lako. Halafu ile ncha ya msumeno ni ukuta, ilainishe, mchanga mkavu hausimami zaidi ya nyuzi 34 hivi, unaporomoka. Mwisho nikaipitisha kwenye Warp na noizi kubwa kidogo ili mistari iyumbeyumbe, mingine iungane, mingine ifie njiani. Ona hapo. Hapo ndo niliita mtu wa nyumbani aje aone, akasema "mbona kama bati la mgongo mpana," nikarudi kuongeza kuyumba.

Mwelekeo nao usiuweke kiholela. Pale Olduvai upepo unalisukuma tuta kutoka mashariki kwenda magharibi, basi migongo ya viwimbi inalala kaskazini kusini na upande mkali unatazama magharibi, kama ulivyo upande mkali wa tuta lenyewe. Na kwenye ule mteremko mkali usiweke viwimbi kabisa, kule mchanga unaporomoka wenyewe uko laini, kwenye injini ya gemu agiza kwamba ardhi ikizidi nyuzi 30 ichukue tekscha ya pili isiyo na viwimbi.

Kosa langu lingine lililonila jioni nzima: wakati wa kutoa faili nilichagua la Unreal, injini nyingine ya gemu, wakati mimi natumia Godot. Ile picha ya nomali, inayoiambia taa uso umeinama upande gani, ya Unreal chaneli yake ya kijani imegeuzwa, kwa hiyo jua likipiga kutoka juu ya picha viwimbi vyangu vikawa mitaro. Nikahangaika na taa weee, kumbe taa haina kosa.

Kuhusu kujirudia, dawa ni kutokuweka kitu chenye sura kwenye tekscha ya chini. Kokoto ziwe modeli zimwagwe baadaye, na juu ya rangi zidisha noizi moja pana sana ya makumi ya mita, hafifu tu, jicho linapoteza hesabu. Nimetoa kwa 1024, kila kiwimbi kinapata kama pikseli 51, inatosha kabisa kwa skrini ya simu, na kabla ya kubanwa ni megabaiti 4 badala ya zile 64.

Isichonifurahisha? Majina ya nodi kwa mgeni hayasemi kitu, utabahatisha siku mbili tatu. Na ukipandisha saizi kubwa kwenye laptopu isiyo na kadi ya grafiki ya maana, kama hii yangu, feni inalia kama mashine ya kusaga. Ila kwa kazi hii naibakiza, ile pakeji nimeifuta.

Faili la nodi nimeliweka hapo chini. Anayetaka tope lililopasuka kama la Chalbi kule Marsabit, toa ile Pattern weka Voronoi, nodi inayogawa picha vipandevipande kama tope lililopasuka, na rangi isogeze kwenye weupe wa chumvi.