Jiofoni ya hezi 4.5: inanasa matetemeko ya mbali?

Kwa anayeanza kuunda seismografu (kifaa cha kurekodi matetemeko) nyumbani, jiofoni ya wima ya hezi 4.5, kihisi chenye koili na sumaku kinachogeuza mtikisiko wa ardhi kuwa umeme, ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Inunue, ila isikae peke yake.

Shida iko hapa: chini ya hezi 4.5 nguvu yake huporomoka. Kwenye hezi 1, yalipo mawimbi ya P (yanayofika kwanza) ya matetemeko ya mbali, hubaki takriban sehemu moja ya 20. Yenye unyeti wa volti 28.8 kwa mita kwa sekunde, ardhi ikitikisika maikromita 10 kwa sekunde, hutoa maikrovolti 14 tu. Kigeuzi cha ADS1115 cha kugeuza volti kuwa namba, ambacho wengi hukimbilia madukani Luthuli Avenue, Nairobi, hatua yake ndogo kabisa ni maikrovolti 7.8. Hatua mbili hazichori wimbi! Weka amplifaya ya INA128 katikati. Rezista ya omu 510 hukuza karibu mara 100. Waya mmoja wa koili ufungwe kwenye nusu ya volti zinazolisha saketi, la sivyo amplifaya hukwama ukingoni na mchoro huwa mstari mnyoofu.

Kabla ya kulipa, pima koili kwa mita: isome karibu omu 375. Itikise, utasikia kitu kikigonga ndani. Gusanisha ncha zake mbili kisha uitikise tena: kule kugonga hupungua, kwa kuwa umeme wa koili sasa unaizuia yenyewe. Isipobadilika, irudishe kwa muuzaji.

Ghorofani itarekodi nyayo na lifti. Iweke chini kabisa, kwenye zege, mbali na matatu, na waya wake uwe wa kusokotwa wenye kinga. Stima ya hezi 50 hupenya kirahisi.

Tetemeko la Uturuki la 6 Februari 2023, ukubwa 7.8, wimbi lake la P lilichukua dakika 7 na ushei kufika Nairobi. La namna hiyo linanaswa. Mawimbi marefu ya sekunde 20 yanayofuata hayanaswi: hapo hubaki sehemu moja ya 8,000. Ukiyataka hayo, mafundi wa Kamukunji wakuchomelee pendulamu ya mlalo, inayobembea kando kama mlango, yenye mkono wa sentimita 60. Mhimili ukiinama pungufu kidogo ya nusu digrii, hupata mzunguko wa sekunde 18. Ila kwenye udongo mweusi wa Embakasi au South C, mvua ikinyesha ardhi hufura na fremu huinama, hivyo weka skrubu za kusawazisha kwenye miguu yake tangu mwanzo.