Miaka saba ya kamera dukani kwangu Majengo, na fundi niliyempata mwishoni

Jumatatu moja mwaka 2021 nilifungua duka nikakuta roli tatu za waya wa umeme hazipo stoo. Kufuli zima, bati zima. Nikasema moyoni, kamera zipo, mwizi atajulikana leo leo. Nilikuwa nimefungiwa kamera nne tangu 2018, na kila siku picha zake zilikuwa zinaonekana kwenye skrini pale kaunta, wateja wanajiona wakiingia na kutoka. Nikaita mtu anayejua kurudisha picha nyuma. Akabonyeza, akabonyeza tena, kisha akanigeukia: "Mama, humu hamna kitu. Diski ilishakufa." Kwa karibu miezi kumi mashine ilikuwa inaonyesha tu bila kurekodi. Walionifungia walikuwa wameweka diski ya kompyuta ya mezani, tena iliyokwishatumika, wakati kazi ya kamera inataka diski iliyotengenezwa kuandika usiku na mchana. Wala hawakuwahi kurudi kuitazama.

Kwa kuwa sikuwa na ushahidi, nilimshuku kijana aliyekuwa anashika funguo za stoo. Alikana mpaka machozi. Nikamwachisha kazi. Hilo bado linaniuma, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya, kwa maana wengi wetu tunanunua kamera kama tunavyonunua kufuli: ukishaifunga umemaliza.

Mimi ni muuzaji wa vifaa vya ujenzi, Majengo, hapa Dodoma mjini. Nina pia ghala la mahindi Kibaigwa. Katika miaka saba nimetumia karibu kila aina ya kamera inayouzwa kwetu, kwa hiyo nasema nilichokiona kwa macho.

Baada ya wizi ule mwanangu aliniletea kutoka Kariakoo kamera mbili za Wi-Fi, zile za balbu zinazozunguka. Bei ndogo, hazihitaji fundi. Unapakua programu, unaionyesha kamera alama ya mraba kwenye simu, dakika kumi kazi imekwisha. Picha safi kabisa, na unaweza hata kuongea na mtu aliye dukani ukiwa nyumbani Nkuhungu. Kwa sebuleni au kwa mama anayetaka kumwona dada na mtoto, zinafaa na sitamkataza mtu. Dukani zilinishinda. Umeme ukikatika, rauta inazima, nami nabaki gizani saa ile ile ambayo mwizi anaipenda. Usiku wadudu wanazunguka kamera na taa zake za infraredi, zenye mwanga usioonekana kwa macho, wadudu wanamvuta buibui, buibui anatandaza utando mbele ya kioo. Mwanga ukigonga utando picha yote inakuwa nyeupe. Simu inalia usiku kucha kwamba kuna mtu, kumbe ni uzi wa buibui unapepea. Nikazima mlio. Mwisho mtu akaing'oa ile ya nje akaondoka nayo, na kadi yenye picha ikiwa ndani yake.

Fundi wa sasa nilimpata mwaka 2023 kwa kuambiwa na jirani mwenye duka la rangi. Kijana aliyesomea umeme VETA, anafanya kazi na mwenzake mmoja, ofisi yao ni pikipiki na begi. Nilimpigia asubuhi, akasema atakuja saa moja jioni. Nikaudhika kidogo. Alipofika, shikamoo, marahaba, akaomba tuzime taa za ndani tuwashe za nje tu. "Mama, mchana kila kamera ni nzuri. Nataka nione usiku wako ukoje." Kisha badala ya kuniuliza nataka kamera ngapi, akaniuliza nataka kuona nini. Nikamwambia sura ya anayeingia, mkono wa anayepokea pesa, na namba ya gari linalopakia saruji.

Kwa majibu hayo matatu alibadilisha karibu kila kitu. Kamera ya mlangoni walioifunga kwanza ilikuwa juu chini ya paa, karibu mita tano. Picha zake zote zilikuwa za kofia na utosi. Yeye aliishusha mpaka mita mbili na nusu, ikitazama uso wa mtu anapovuka kizingiti. Ya getini akaichagua yenye lenzi inayovuta, akamsimamisha mwenzake na kipande cha boksi kilichoandikwa namba kwa maka, akawa anarekebisha kidogo kidogo mpaka namba ikasomeka kwenye simu yangu mimi, siyo yake.

Halafu waya. Nilikuwa na boksi la kebo ya mtandao, Cat6, dukani, la bei nafuu, nikamwambia atumie hilo. Akatoa wembe, akakata kipande, akachuna uzi mmoja, akaukwangua taratibu. Juu mwekundu. Wembe ulipopita mara ya tatu ukatokea mweupe. Ni aluminiamu iliyopakwa kopa, yaani shaba. Akachuna kipande cha kwake akakwangua vile vile, mwekundu mpaka kiini. Akaniambia kamera hizi zinapata umeme na kupeleka picha kwenye waya huo huo mmoja. Swichi ya PoE ya kawaida, kile kisanduku kinachogawia kamera mtandao na umeme, inatoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na kadiri waya unavyokuwa dhaifu na mrefu ndivyo umeme unavyopotelea njiani, usiku taa za kamera zikiwaka inajizima na kuwaka. Mita mia moja ndiyo mwisho hata kwa waya mzuri. Mimi ninayeuza nyaya kila siku sikuwahi kukwangua hata mmoja. Boksi lile nimelitoa rafuni.

Hapa nizungumzie mashindano ya teknolojia, maana ndiko watu wanakochanganyikiwa wakifika dukani. Zamani kamera zilikuwa za analojia, na waya mnene wa duara kama wa antena ya televisheni. Wengi walitabiri kwamba kamera za mtandao, hizi za IP, zingeiua analojia upesi. Kampuni ya Axis ya Sweden iliuza kamera ya mtandao tangu 1996. Analojia haikufa. Kampuni ya Dahua ya China ilileta CVI, analojia ya kisasa, mwaka 2012, zikafuata aina nyingine, TVI na AHD, zote zikipitisha picha kali kwenye waya ule ule wa zamani. Tatizo likawa kwamba hazikuelewana: ukinunua mashine ya CVI na kamera ya TVI umepata mapambo. Upande wa IP nao ulikuwa na fujo yake, mpaka Axis, Bosch na Sony walipoanzisha ONVIF, umoja wa kuweka kanuni za pamoja, mwaka 2008 ili kamera ya huyu iongee na mashine ya yule.

Leo kuna mashine inaitwa XVR inayosoma karibu zote. Fundi angeweza kuniambia ng'oa kila kitu, weka IP tupu, na mimi ningelipa. Badala yake alipima nyaya tatu za zamani zilizopita ukutani hadi stoo ya nyuma, akaona ni nzima, akabadilisha kamera tu zikawa za megapikseli tano kwenye waya ule ule. Kaunta, mlango na geti ndiko alikoweka IP. Kamera sita, mashine moja. Nililipa 1,850,000 na ufundi ndani yake, bila betri. Mwingine aliyekuja kabla yake alinitajia karibu mara mbili, na hakuwa ametazama hata waya mmoja.

Diski alinipigia hesabu nyuma ya risiti yangu mwenyewe. Kamera moja ikituma megabiti mbili kwa sekunde inakula kama gigabaiti 21.6 kwa siku. Sita ni karibu 130. Diski ya terabaiti nne inakaa siku thelathini kabla ya kufuta za zamani. Nikauliza kwa nini thelathini, akasema: "Kwa sababu mama unahesabu mzigo wako mara moja kwa mwezi." Hakuna aliyewahi kunipangia kitu kwa kufuata biashara yangu inavyokwenda.

Jambo lingine dogo lililonigusa: ilipofika kuweka nywila, alinipa kipanya akatoka nje. Mashine ya zamani ilikuwa bado na nywila ya kiwandani, na alipofungua mipangilio alikuta kuna simu tatu zinazoweza kuangalia duka langu, mbili sizijui. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilivamia vifaa vingi vya namna hii duniani, kamera zikiwemo, kwa kujaribu nywila za kiwandani tu. Mtu anaweza kuweka mlango wa chuma halafu akaacha dirisha hilo wazi.

Alibandika pia tangazo mlangoni kwamba eneo linarekodiwa, na akaziba kwa kivuli cheusi sehemu ya picha inayoangukia dirisha la jirani. Nilidhani ni adabu yake. Akanikumbusha kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na picha ya sura ya mtu ni taarifa yake. Sawa kabisa. Mimi mwenyewe nisingependa dirisha langu liwe kwenye skrini ya mtu.

Kasoro zake nazisema pia. Aliahidi siku mbili, akatumia tano, na siku ya tatu hakupokea simu. Tundu alilotoboa ukuta wa nyuma hakuliziba sawasawa. Mvua za Januari zikaingia, mifuko minne ya saruji ikaganda. Alikuja akaziba na kunilipa mifuko miwili, tukaelewana. Mchoro wa nyaya, ipi inakwenda wapi, sikupata mpaka nilipomkumbusha mara mbili. Dai mchoro kabla hujamaliza kulipa.

Kibaigwa ni habari nyingine. Ghala liko pembeni, intaneti ya waya hamna. Aliniwekea kamera mbili za sola zenye laini ya simu. Hizi zinalala, zinaamka zikihisi joto la mwili linasogea. Kwa kuokoa betri ni sawa, ila zinachelewa sekunde moja au mbili. Mtu anayepita mbio unapata mgongo wake. Vumbi la msimu wa mahindi likikaa kwenye paneli chaji inashuka, na bando likiisha uko kipofu. Mzee wangu mlinzi, ambaye kila nikifika ananipokea kwa "Mbukwa" kabla sijashuka kwenye gari, ndiye anayepangusa paneli kwa kitambaa kila Ijumaa. Bila yeye zingekuwa zimekufa. Nazipa alama ya wastani: zinasaidia mlinzi, hazimwondoi.

Nimemuuliza fundi kama haogopi, maana kila mtu sasa ananunua kamera ya simu na kujifungia. Akasema kazi za nyumbani zimepungua kweli, na vijana aliosoma nao wengine wameacha. Mimi namhesabu kwa simu nilizompigia tangu anifungie. Panya alitafuna waya juu ya dari. Kampuni ya intaneti ilibadilisha rauta, kamera zote zikapotea kwenye simu. Saa ya mashine iliruka nyuma baada ya umeme kwenda na kurudi. Upepo wa Agosti ulijaza vumbi kwenye vioo, na kamera ya getini, iliyowekewa mstari wa kutoa taarifa binadamu akiuvuka, ikawa inaliita turubai mtu. Hakuna hata moja ambalo kamera mpya ingelitatua. Sasa namlipa 240,000 kwa mwaka, anakuja kila miezi mitatu, anafuta vioo kwa kitambaa laini, anarudisha picha nyuma mbele yangu kuhakikisha diski inaandika. Hilo la mwisho ndilo ninalolilipia hasa. Betri ya 100Ah na inveta niliongeza baadaye kwa ushauri wake, na umeme ukikatika mashine inafika asubuhi.

Mwaka jana mwezi wa tano hesabu ya saruji ilipungua mifuko thelathini. Kijana wangu wa sasa alianza kutetemeka kabla sijasema neno. Tulikaa wawili tukarudisha picha siku baada ya siku, na siku ya kumi na nne tukaona: gari la mteja lilipakiwa mara mbili, asubuhi na mchana, risiti ikiwa ile ile moja, na mimi mwenyewe ndiye niliyesimama pale nikaruhusu mara ya pili nikiwa naongea na simu. Namba ya gari ilisomeka vizuri. Mteja alipoonyeshwa alilipa.

Usiku ule sikulala. Nilitafuta namba ya yule kijana wa 2021, nikampigia, nikamwomba radhi. Anafanya kazi Ihumwa sasa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Asante mama kwa kupiga." Hakurudi kazini kwangu na sikumlaumu.

Fundi anakuja tena Jumamosi hii. Nimemwomba alete kamera moja ya IP ya kujaribia kusoma namba za malori kule Kibaigwa kabla ya mavuno, kwa kutumia rauta ya laini na sola kubwa isiyolala. Amesema kwanza tuende jioni tukaone giza la kule likoje.