Mystery Train: usiku mmoja Memphis, na Elvis ukutani kila chumba

Kama unatafuta filamu ya kukuonesha fahari ya Marekani, pita njia nyingine. Memphis ya Mystery Train ni maduka yaliyofungwa, viwanja vilivyoota majani, na kituo cha treni ambacho ni kikubwa kuliko abiria wake. Jim Jarmusch aliiandika na kuiongoza mwenyewe, ikatoka mwaka 1989, nje ya studio kubwa za Hollywood na kwa fedha za kampuni ya Kijapani, JVC. Hadithi ni tatu, zote za usiku mmoja, na wahusika wote wanaishia hoteli moja chakavu bila kujuana. Mimi nimewahi kufanya kazi ya kutembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja, na sijaona bado filamu inayomjua mgeni na mwenyeji wake kuizidi hii.

Ya kwanza ndiyo tamu kuliko zote. Jun na Mitsuko, vijana wapenzi kutoka Yokohama, wanashuka kwenye treni na sanduku moja jekundu wanalolibeba kwa fimbo, kila mmoja kashika upande wake. Binti ana wazimu wa Elvis Presley. Kijana anashikilia kwamba Carl Perkins, mwanarock mwingine wa zama hizo, ndiye baba lao, na ubishi huo hauishi, kituoni, barabarani, mpaka kitandani. Jun hacheki hata umfanye nini. Anawasha sigara kwa Zippo kwa madoido, anatazama mji, kisha anatoa hukumu kwamba Yokohama nayo ingekuwa hivi ukiiondolea asilimia sitini ya majengo.

Halafu wanafika Sun, studio ndogo ya Sam Phillips ambako Elvis alirekodi mara ya kwanza kibiashara mwaka 1954. Hapa nilisimamisha filamu, nikacheka peke yangu. Dada anayewaongoza anaimwaga historia yote kwa pumzi moja, majina na miaka, haangalii kama kuna anayemwelewa. Wajapani wamesimama macho makavu, hawajapata hata neno. Mimi nilikuwa na hotuba yangu hivyo hivyo, ya milango ya nakshi na nyumba ya kina Freddie Mercury. Ukishaisema mara nyingi mdomo unakwenda wenyewe, na wewe uko mbali unawaza nauli ya kurudi nyumbani. Jarmusch hamdhihaki yule dada wala wale vijana. Anaiacha kamera imetulia tu, na anayejua kazi ile anajiona.

Usiku, hotelini, Jun anapiga picha vyumba. Mitsuko anamuuliza kwa nini hapigi vitu walivyovifuata safari nzima. Jibu lake ni kwamba hivyo vitabaki kichwani. Vyumba vya hoteli na viwanja vya ndege ndivyo atakavyovisahau. Kwa kweli hakuna mgeni aliyewahi kuniambia jambo la akili namna hiyo.

Mapokezini kuna watu wawili ambao ningewatazama filamu nzima: Screamin' Jay Hawkins, mwimbaji mkongwe wa blues, kavaa suti nyekundu, na Cinqué Lee, mdogo wake mwongozaji filamu Spike Lee, kijana wa kubeba mizigo mwenye kikofia kinachomwonea. Wanazungumza upuuzi wa zamu ya usiku, kama vile Elvis angekuwa na uzito gani siku aliyokufa endapo angekuwa kwenye sayari ya Jupita. Mitsuko anampa kijana plamu iliyotoka Japani, na mkubwa wake anaitia mdomoni. Basi. Sikumbuki kichekesho kingine kilichonichekesha hivyo kwa maneno machache.

Hadithi ya pili ni ya Luisa, Mtaliano aliyefiwa na mume na anayesindikiza maiti kurudi Roma. Safari imekwama, analazimika kulala Memphis. Mjane mbichi, hana hata pa kukaa eda, na mji mzima unamwona ni pesa inayotembea. Muuza magazeti anambebesha rundo la majarida. Kisha mgahawani anakaa mbele yake bwana mmoja, anamhadithia kwamba alimpa lifti mzimu wa Elvis, na mzimu ukamwachia kitana amfikishie mwanamke wa kutoka Roma. Kitana ndicho hiki, na bila shaka kina bei. Jamani, huyu ni papasi, kama wale wanaowavizia wageni kwetu Unguja! Papasi kamili, angeweza kuwa Forodhani au bandarini: upole wa kupitiliza, hadithi ndefu iliyoshonwa kwa kipimo chako, na bei inakuja mwisho. Luisa anajua kwamba anaibiwa. Analipa ili aachwe. Nicoletta Braschi anaigiza hilo kwa uso tu, bila kulalamika, na ndivyo wageni wengi niliowaona wanavyofanya. Wahenga wamesema mgeni njoo mwenyeji apone, na mapapasi wa Memphis wameuchukua msemo huo neno kwa neno.

Baadaye anashiriki chumba na Dee Dee, mwanamke wa hapo hapo anayemkimbia bwana wake na ambaye kunyamaza hajui. Usiku Luisa anatokewa na mzimu wa Elvis wenyewe, nao unaomba radhi kwamba pengine umekosea anwani. Ingekuwa filamu nyingine pangepigwa kelele. Hapa mzimu nao ni mgeni aliyepotea mtaa.

Kinachozifunga hadithi hizi ni sauti. Redio iko wazi kila chumba, mtangazaji ni Tom Waits (sura yake huioni), na saa nane na dakika 17 usiku anapiga Blue Moon ya Elvis. Unausikia wimbo ule ule katika hadithi zote tatu, halafu asubuhi mlio wa bastola, na polepole unajua nani alikuwa chumba gani. Wimbo wenye jina la filamu unafungua kwa sauti ya Elvis, toleo la 1955. Mwishoni, majina yanapopita, unaupata wa Junior Parker, Mmarekani Mweusi aliyeurekodi Sun miaka miwili kabla yake. Hakuna anayekueleza lolote. Lakini kumbuka hoteli iko mtaa wa Weusi, wahudumu wake wote wawili ni Weusi, na ukutani kila chumba kaning'inia Elvis. Motel ya Lorraine alikouawa Martin Luther King mwaka 1968 iko jirani kabisa na mtaa huo, na filamu haiigusi. Mimi naona ukimya huo ni wa makusudi. Wengine watasema ni uvivu.

Ya tatu imenichosha kidogo. Johnny, Mwingereza anayechezwa na Joe Strummer wa bendi ya The Clash, kapoteza kazi na kaachwa na Dee Dee. Anakunywa, anafanya kitendo cha kijinga na bastola kwenye duka la pombe, na anawaburuza wenzake wawili mpaka hotelini. Kuzunguka kwao na gari ni kurefu mno, na ulevi wa watu wengine hauna ladha ukiwa huna chupa mkononi. Anayeiokoa ni Steve Buscemi, kinyozi Charlie, aliyevumilia balaa zote usiku kucha kwa sababu Dee Dee ni dada yake, kwa hiyo Johnny ni shemeji. Kuja kuambiwa kwamba ndoa haikuwepo! Kashiriki uhalifu kwa ushemeji wa hewa. Uso wake hapo unalipa uchovu wote.

Picha ni za Robby Müller, na wekundu wa lile sanduku na ile suti unang'aa katika mji uliofifia kwingine kote. Mwaka ule tamasha la filamu la Cannes walimpa Jarmusch tuzo ya mchango wa kisanii, na mimi sina ubishi nao.

Ya kujua kabla hujaitazama: nusu ya utamu uko kwenye Kijapani, kwa hiyo hakikisha nakala yako ina maandishi chini, maana hii si filamu ambayo DJ wa kibanda umiza atakusimulia. Vaa spika za masikioni, la sivyo treni na redio vitakupita. Watoto wasiwepo.

Nilimpa rafiki yangu ambaye bado yuko kwenye kazi ya wageni. Alicheka kwenye kitana mpaka machozi, hadithi ya tatu ikamkuta analala. Mimi nampa Jarmusch nyota nne kati ya tano, yeye kasema tatu, na moja kati ya hizo ni ya papasi.