Ziara ya mguu ya kumbukumbu za vita mjini Dar: nimepeleka kidato cha tatu, haya ndo maoni yangu

Walimu wenzangu wa historia, hasa nyie mliopo Dar au mnaoleta watoto Dar kwa ziara za shule, someni hii. Kuna huduma ya kutembeza wanafunzi kwa miguu katikati ya mji, mnaanzia Sanamu ya Askari pale barabara ya Samora, mnaifuata Samora mpaka Mnara wa Saa, mnaingia barabara ya Uhuru mpaka Mnazi Mmoja halafu mnamalizia Kariakoo. Waendeshaji siwataji jina maana kuna walipofanya vizuri sana na kuna walipochemka, na walipochemka nimeshawaambia wenyewe ana kwa ana. Ninachotaka kusema ni kwamba njia yenyewe ni dhahabu, hata ukienda na watoto wako bila mtu wa kukuongoza utafundisha kitu ambacho kwenye kitabu hakiingii kabisa.

Kwanza nieleze kwa nini nililitaka hili somo. Vijana wangu wanaangalia mpira wa Uingereza kuliko wanavyosoma madaftari yao, sasa kila Novemba wanaona jezi zina ua jekundu kifuani na wanauliza lile ua ni la nini. Nikawaeleza, lile ni ua la popi, yalikuwa yanaota kwenye mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa yaliyochimbuliwa na mizinga ya Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari mmoja wa jeshi la Kanada John McCrae akaandika shairi mwaka 1915 na kuanzia 1921 Waingereza wakawa wanaliuza na kulivaa kuwakumbuka wanajeshi wao. Wakasikiliza. Nikawaambia pia kuna mchezaji, James McClean, anatokea Derry kule Ireland ya Kaskazini, yeye kwa miaka amekataa kulivaa kwa sababu kwao Januari 1972 wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi raia waliokuwa wanaandamana. Hapo darasa likagawanyika, wengine wanasema angevaa tu ni heshima kwa marehemu, wengine wanasema huwezi kumlazimisha mtu amkumbuke aliyemuulia ndugu. Mabishano yalipita kengele ya mapumziko. Halafu binti mmoja wa nyuma kabisa akauliza, mwalimu na sisi je, wa kwetu tunawakumbuka kwa kitu gani? Nikaona hili jibu haliwezi kutoka ubaoni, nikaanza kutafuta ziara.

Tuje kwenye huduma yenyewe. Mwongozaji wetu alikuwa dada mmoja kijana, anaongea Kiswahili kizuri na sauti inafika nyuma bila spika. Pale kwenye sanamu alifanya jambo ambalo nawaomba walimu wote mlichukue. Hakuanza kuhutubia. Alitusimamisha barazani ng'ambo ya barabara, akawaambia watoto toeni daftari mchore mnachokiona, bila kuuliza kitu na bila kutoa simu. Jamani watoto waliona vitu ambavyo mimi nimepita pale miaka yote sijawahi kuvikazia macho. Askari ameinama mbele kidogo, bunduki ameishika kwa mikono miwili, singe, yaani kile kisu cha mdomoni mwa bunduki, imechomoza mbele inaelekea bandarini. Mmoja akaandika "yuko tayari kuchoma mtu". Mwingine akaandika "hana huzuni". Hivyo vijisentensi viwili tayari ni somo, maana ukiwaonyesha picha za makaburi ya vita ya Waingereza, ule msalaba mkubwa wa jiwe wenye upanga wa shaba umegeuzwa ncha chini, wanaona wenyewe kwamba ule unasema vita imekwisha na huyu wa Samora anasema vita inaendelea.

Baada ya kuchora ndo tukavuka kwa makundi kwenda kusoma maandishi. Sanamu ni ya kuwakumbuka waliopigana Vita hivyohivyo vya Kwanza hapa Afrika Mashariki, iliwekwa mwaka 1927, imetengenezwa Uingereza na mchongaji James Alexander Stevenson, maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na hati ya Kiarabu, na maneno yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja askari wa Kiafrika waliopigana, yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Dada akawauliza, haya tafuteni jina. Watoto wakazunguka sanamu nzima wanatafuta, wamekazana kweli, hakuna. Jina la askari hata mmoja hakuna. Palikuwa kimya kwa muda, na nilimheshimu sana yule dada kwa sababu hakukimbilia kueleza, aliacha waone kwanza.

Kitu alichokiruka hapo nikaongeza mimi, kwamba Kipling mwenyewe alimpoteza mwanae John vitani Ufaransa mwaka 1915 na mwili haukupatikana mpaka baba anakufa, na alifanya kazi na tume ya Waingereza ya makaburi ya vita, ndiye aliyewachagulia yale maneno ya kwamba jina lao litaishi milele. Mtu aliyejua uchungu wa jina kupotea namna hiyo ndo aliyeandika ahadi ile ya Samora, na majina yetu hayapo. Nadhani watoto wa miaka 15, 16 wana uwezo kabisa wa kulibeba hili, msiwafichie mkidhani ni zito.

Halafu akatoa picha zilizochapishwa kubwa kubwa, hapa ndo nyota zote nawapa. Picha ya kwanza ni sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani, ilizinduliwa hapahapa Dar mwaka 1909. Wissmann yuko juu amesimama, chini yake kuna askari Mwafrika anamwangalia kwa juu, na bendera ya Kijerumani imefunikwa juu ya simba. Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916 wakaing'oa na kuipeleka kwao kama nyara, baadae ikaishia Hamburg, wanafunzi wa chuo kikuu kule wakaiangusha miaka ya 1967 na 1968 na haikurudishwa tena pale chuoni. Sasa weka hiyo picha kando ya askari wa Samora uwaulize watoto kimebadilika nini. Wangu walijibu haraka, Mwafrika amepanda juu. Sawa. Ila je, aliyempandisha ni nani? Maana huyu anakumbukwa kwa kumpigania mfalme wa Uingereza, na Waafrika waliokuwa upande wa Mjerumani, ambao wengi walikuwa watu wa nchi hiihii, wao hawamo kwenye maandishi yale. Kijana mmoja akasema kwa hiyo sanamu inamkumbusha aliyeshinda. Niliandika sentensi yake kwenye shajara yangu.

Picha ya pili ni ya Nairobi, Kenyatta Avenue, kazi ya mchongaji huyohuyo, imezinduliwa 1928. Kule wamesimama watatu na mmoja wao ni mpagazi. Dar juu kabisa yuko askari mwenye bunduki peke yake, mpagazi utamkuta chini. Walimu, msiliruke hili. Vita vya hapa kwetu vilibebwa kichwani na begani, mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara hazikuwepo, kwa hiyo Waingereza wakakusanya wapagazi ambao kwa jumla walipita milioni moja. Walikufa makumi kwa makumi elfu na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara damu, malaria, njaa, na unga wa mahindi uliopikwa nusunusu kwa watu ambao hawakuzoea ugali. Na tume yenyewe ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hizo takwimu dada hakuwa nazo, nimemtumia.

Sasa walipochemka. Kutoka Samora kwenda Mnazi Mmoja tulitembea kwenye saa sita jua la utosi, hakuna sehemu ya kupumzika iliyopangwa, maji kila mtu na yake, na kwenye kuvuka barabara mtu wa kutusimamishia magari alikuwa mmoja tu na watoto zaidi ya arobaini. Mimi na mwalimu mwenzangu ndo tuligeuka trafiki. Hii si ya kufumbia macho, ukichukua watoto wa watu lazima uwe na wasaidizi mbele na nyuma.

Na kibaya zaidi walipofika Mnazi Mmoja wakaanza kuharakisha, piga picha ya pamoja kwenye mnara, twende. Hapana! Pale ndo lile swali la yule binti linajibiwa. Nikaomba dakika ishirini nikafundisha mwenyewe. Nikawauliza nani ameshaangalia sherehe za Siku ya Mashujaa Julai 25 kwenye tivii, mikono ikanyooka michache. Nikawaeleza taratibu zetu, ambazo zamani kitaifa zilifanyika pale mnarani na siku hizi hufanyika Dodoma, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, meya anaweka upinde na mshale, mwakilishi wa wazee waliopigana vita anaweka shoka. Angalieni hapo, maua anaweka balozi, sisi wenyewe tunaweka silaha za mababu. Mkuki na ngao hazikubebwa na yule askari wa singe, ndizo zilizobebwa na watu wa Majimaji 1905 mpaka 1907, na wa Mkwawa kabla yao. Taifa limechagua kumkumbuka askari aliyekufa Kagera 1979 kwa silaha ya aliyekufa Songea 1906. Nilipowaambia hivyo yule binti wa swali akaniambia, mwalimu kwa hiyo sisi ua letu ni mkuki. Nikamwambia andika.

Kuna kijana babu yake alipigana vita ya Kagera na yupo hai, hajawahi kumuuliza chochote. Amepewa kazi ya kwenda kumuuliza, akikubali kuongea. Akikataa amwache, nimesisitiza sana hilo.

Kariakoo hakuna cha kupiga picha na nashukuru dada alilisema wazi. Mnasimama pembeni ya soko, mnaambiwa eneo hili ndipo wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza, walipopigishwa kambi baada ya Waingereza kuingia. Watoto wanaangalia wabeba mizigo wanaopita na viroba kichwani. Mwanafunzi mmoja alimuomba kaka mmoja amwambie kiroba chake kina kilo ngapi, akajibu 25, ambao ndo mzigo wa mpagazi kwa makadirio, mwanafunzi akajaribu kukiinua na kutembea nacho hatua chache tu akakirudisha. Yule kaka akacheka, akamuuliza sasa wao walikwenda nacho mpaka wapi? Nikamjibu mpaka Msumbiji na kurudi.

Kitu kingine ningependa kiingizwe kwenye ziara ni tarehe. Waingereza na nchi nyingine kadhaa wananyamaza dakika mbili Novemba 11 saa tano asubuhi, saa mapigano yalipokoma Ulaya 1918, lakini huku kwetu kamanda wa Wajerumani, Jenerali Lettow-Vorbeck, alijisalimisha rasmi Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baadae. Nimewapa swali la insha, ukimya wetu ungekuwa tarehe ipi na kwa nini. Wanaosoma Historia ya Tanzania na Maadili waandike kwa Kiswahili, watatiririka zaidi.

Kwa ujumla huduma naipa nyota nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa usalama na ile haraka ya Mnazi Mmoja. Bei ni ya kuelewana, wanapunguza kwa shule za serikali ukienda na barua ya mkuu wa shule. Chagueni Jumapili asubuhi, magari mjini ni machache na pale kwenye sanamu mtavuka kwa amani, mwanzie saa mbili ili saa tano muwe mmeshafika Kariakoo. Ombeni mapema zile picha za Wissmann na Nairobi waziprinti kubwa, maana kundi lililotutangulia waliambiwa zimesahaulika ofisini. Kila mtoto aje na kofia, chupa ya maji, daftari lisilo na mistari na penseli, na simu zikusanywe mpaka mmalize kuchora.

Kama kuna mwalimu wa Songea aliyewahi kupeleka darasa Makumbusho ya Majimaji wiki ile ya Februari 27 wanapowakumbuka walionyongwa, naomba atuandikie alivyopanga, mwakani nataka kidato cha nne waende huko.